Chupa Moja ya Abiria

Abiria anayefika katika bandari ya Miami, ambayo kwa miaka mingi imekuwa lango kuu la meli za utalii ziendazo visiwa vya Karibi, hukabidhi masanduku yake makubwa kwa wachukuzi nje ya jengo, akabakiwa na mkoba wa mkononi tu. Na ndani ya mkoba huo, pamoja na pasipoti na dawa zake, aliyesoma masharti ya tiketi yake huwa ameweka chupa ya mvinyo, ingali imezibwa kama ilivyotoka dukani, na kuizungushia taulo isije ikavunjika. Mkoba hupitishwa katika mashine ya eksirei, mlinzi wa bandarini huliona umbo la chupa katika kioo chake, huitazama lakiri na ukubwa wake, kisha humwashiria mwenyewe apite. Lakini aliyeificha chupa hiyo hiyo chini ya nguo katika sanduku kubwa hungoja chumbani mwake hadi jioni pasipo kuliona sanduku, mpaka atakapoitwa chini kulifungua mbele ya maofisa wa usalama.

Haya ni mambo ya kila juma katika bandari za Florida na Texas, na jamaa zetu wengi waishio Marekani, ambao siku hizi huzifanya safari hizi katika fungate zao na likizo za Desemba, huyakuta pasipo kutazamia. Najua pia kwamba wasomaji wengi wa gazeti hili hawanywi, ama kwa dini ama kwa hiari, nao sina nia ya kuwashawishi vingine. Ila nitaonyesha hapa chini kwamba hata asiyeonja tone la mvinyo huguswa na kanuni hizi, kwa sababu nauli yake, maji yake ya kunywa na pengine hata hesabu ya mwenzake wa chumbani vimefungamanishwa nazo.

Kanuni zenyewe hazilingani. Makampuni ya Carnival na Royal Caribbean humruhusu kila mtu mzima aliyetimiza umri wa kunywa, ambao katika safari zinazoanzia Marekani ni miaka 21, kuchukua chupa moja ya mililita 750 siku ya kupanda chombo, wala si siku nyingine yoyote ya safari. Norwegian Cruise Line imelegeza idadi lakini imekaza malipo: abiria huweza kuja na chupa zaidi ya moja, ila hutozwa dola 15 kwa kila chupa ya kawaida na dola 30 kwa chupa ya lita moja na nusu, hata kama atainywea chumbani mwake pasipo mtumishi kuigusa. Princess huiachilia chupa ya kwanza bila ada maadamu inanywewa chumbani. Disney, ambayo hubeba familia na watoto, huwaruhusu watu wazima chupa mbili za mvinyo au bia sita kila mmoja, tena si siku ya kuondoka tu bali katika kila bandari chombo kitakapotia nanga. Nayo Viking, iliyoasisiwa na Torstein Hagen mwaka 1997 kwa vyombo vya mitoni na kuingia baharini mwaka 2015, haimtozi abiria wake chochote kwa kinywaji alichokuja nacho. Pombe kali, isipokuwa kwa wachache kama hao wa Viking, imepigwa marufuku karibu kila mahali, na mvinyo wa kwenye boksi la karatasi hukataliwa na makampuni mengi. Viwango hivi hubadilishwa mara kwa mara, kwa hiyo asafiriye hana budi kuyasoma masharti ya kampuni yake katika mwezi ule ule anaosafiri, asitegemee aliyoambiwa na rafiki yake aliyesafiri miaka mitatu iliyopita.

Ili mtu aelewe kwa nini matajiri wa meli, ambao hutoa chakula usiku na mchana pasipo kumhesabia abiria sahani zake, huwa wakali namna hii juu ya chupa moja ya mvinyo, yampasa kwanza kufahamu jinsi chombo hicho kinavyopata riziki yake. Ted Arison alipoianzisha Carnival mwaka 1972 kwa meli moja kuukuu iliyonunuliwa mkononi, safari za anasa baharini zilikuwa za wenye mali; ufanisi wa kampuni yake, na wa walioifuata, ulitokana na kushusha nauli hata karani na mwalimu waweze kuimudu, kisha kuitafuta faida ndani ya chombo chenyewe, katika baa, katika meza za kamari, madukani, katika vyumba vya kukandwa mwili na katika matembezi ya bandarini. Katika mwaka 2019, mwaka wa mwisho kabla ya maradhi ya korona kuzifunga bandari za dunia, Carnival Corporation pamoja na makampuni yake tanzu ilipata mapato ya takriban dola bilioni 20.8, na katika hizo nauli zilikuwa kama bilioni 14.1, zilizobaki, karibu theluthi moja ya jumla, zilitokana na mengine yote yasiyo nauli. Kinywaji kina fungu lake kubwa katika theluthi hiyo, kwa kuwa chupa ambayo dukani hupatikana kwa dola 15 huandikwa mezani kwa bei ya mara mbili au tatu yake, kisha huongezwa malipo ya utumishi ya asilimia 18 hadi 20.

Kwa hiyo nauli rahisi na mvinyo ghali ni mambo mawili yatokayo shina moja. Asiyekunywa hubebwa kwa nauli ambayo isingalikuwa rahisi kiasi hicho lau wanywaji wasingalimimina fedha zao baani. Na kila chupa inayoingia kutoka dukani ni chupa isiyouzwa ndani. Siwalaumu matajiri wa meli kwa kuilinda biashara yao, maana kila mwenye mgahawa duniani hufanya vivyo hivyo. Lakini naona kuwa ada inayotozwa kwa mvinyo unaonywewa chumbani, ambako hakuna bilauri iliyooshwa na kampuni wala mtumishi aliyesimama, haina hoja ya haki nyuma yake. Chumba kimelipiwa, na alichokuja nacho mpangaji kwa idhini ya kampuni yenyewe kingestahili kuachwa kiwe chake.

Hali haikuwa hivi siku zote. Katika zama za meli kubwa zilizovuka Atlantiki, mvinyo ulikuwa sehemu ya takrima ya chombo, na walioijua takrima hiyo zaidi ya wengine wote walikuwa Wafaransa. Shirika lao, Compagnie Générale Transatlantique, liliweka mvinyo mwekundu na mweupe juu ya meza za abiria pasipo kuuandika katika bili, na ada hiyo njema ilidumu mpaka katika meli iliyoitwa France, iliyoanza safari zake mwaka 1962 na kuachishwa kazi mwaka 1974. Abiria wa meli zile hakuwa na haja ya kubeba chupa kwapani. Aliyetaka mvinyo bora kuliko ule wa mezani ndiye aliyeagiza na kulipa.

Kisa kikubwa zaidi cha mvinyo wa baharini, hata hivyo, kilitokana na nchi iliyoukataza. Tarehe 17 Januari 1920 Marekani ilianza kutekeleza marufuku ya vileo, na marufuku hiyo ilidumu hadi tarehe 5 Desemba 1933. Mara likazuka swali ambalo wanasheria hawakuwa na jibu lake tayari: je, merikebu yenye bendera ya Marekani, ikiwa katikati ya bahari, ni sehemu ya ardhi ya Marekani? Na je, merikebu ya Mwingereza iingiapo New York na shehena yake ya vinywaji, iliyotiwa humo kwa ajili ya abiria wa safari ya kurudi, imevunja sheria? Mnamo Oktoba 1922 Mwanasheria Mkuu wa Serikali, Harry Daugherty, alitoa rai kwamba meli za Marekani zisiuze kileo popote ziwapo, na za kigeni zisiingie nacho katika maji ya nchi hiyo hata kikiwa kimefungiwa ghalani. Makampuni ya kigeni yakapeleka mashtaka mahakamani, Cunard ya Waingereza ikiwa mbele yao, na miongoni mwa hoja zilizotajwa ilikuwamo ya kwamba baadhi ya mataifa yaliwajibisha merikebu zao kwa sheria kuwapa mabaharia posho ya mvinyo, hata chombo kingelazimika kuchagua sheria ya nchi ipi kivunje.

Mahakama Kuu ya Marekani ilitoa hukumu tarehe 30 Aprili 1923, nayo ikagawanya shauri nusu kwa nusu: meli za Marekani zikiwa nje ya maji ya nchi hazifungwi na marufuku, lakini za kigeni zikiwa ndani ya maili tatu za pwani zimefungwa nayo. Ajabu ni kwamba serikali yenyewe, iliyokuwa ikimiliki meli nyingi, haikuitumia ruhusa iliyopewa. Meli yake kubwa Leviathan ilianza safari mwaka ule ule ikiwa kavu, ikashindana na meli za Kiingereza zilizojaa vinywaji, na haikuwa vigumu kubashiri ni nani aliyewapoteza abiria. Mwishowe mapatano yalitiwa sahihi kati ya Uingereza na Marekani tarehe 23 Januari 1924, yenye insafu ya kila upande: Waingereza waliridhia vyombo vyao vinavyoshukiwa kusafirisha pombe ya magendo vipekuliwe mpaka umbali wa mwendo wa saa moja kutoka pwani, na Wamarekani wakaridhia meli za abiria ziingie bandarini na vinywaji vyao, maadamu vimefungwa ghalani kwa lakiri muda wote zinapokuwa katika maji ya nchi.

Hapo ndipo zilipositawi safari fupi ambazo ni mababu wa safari za leo. Watu wa New York walikata tiketi za kwenda Bermuda, Nassau na Havana, na nyingine za siku chache tu zisizokuwa na bandari ya kufikia kabisa, ambazo chombo hutoka nje ya mpaka, hufungua ghala, huzunguka baharini na kurejea. Nahodha na abiria wote walifahamu kuwa lengo la safari limo ndani ya bilauri. Desturi ya kufunga na kufungua kwa kufuata mpaka wa bahari haijatoweka hata sasa: katika bandari nyingi maduka yasiyo na ushuru na meza za kamari hufungwa chombo kikiwa gatini, vikafunguliwa kikishatoka.

Tofauti ya zama zile na zetu ni kwamba magendo ya vileo yamegeuka upande. Zamani abiria alijaribu kuitoa pombe merikebuni aingie nayo nchini. Leo hujaribu kuitoa nchini aingie nayo merikebuni. Hila ni nyingi, na zimekwisha kujulikana hata kwa mlinzi wa siku ya kwanza kazini. Kuna wanaomwaga dawa ya kusukutulia kinywa, wakaijaza chupa yake vodka iliyotiwa rangi ya kijani au ya samawati, kisha wakakirudisha kizibo kwa gundi. Kuna wanaonunua mifuko ya plastiki iliyotengenezwa makusudi kwa kazi hiyo, isiyo na umbo la chupa wala kidude cha chuma, wakaitandaza kati ya mashati. Na kuna waliozoea kufungua chupa za maji, wakazijaza pombe nyeupe na kuzifunga tena kana kwamba hazijaguswa. Hila hii ya mwisho iliwaponza wasiokuwamo. Katika mwaka 2015 Carnival ilipiga marufuku abiria kuja na maji au soda za chupa, ikabakiza ruhusa ya makopo machache tu ya soda katika mkoba wa mkononi, kwa kuwa walinzi walitumia muda mwingi mno kuzichunguza chupa za maji moja moja. Mama anayetaka kumchukulia mwanawe maji aliyoyazoea, naye hajapata kuonja kileo maishani, alizuiliwa kwa sababu ya udanganyifu wa watu asiowajua.

Mimi siioni heshima yoyote katika hila hizi. Mwenye kuzitetea husema kwamba makampuni yana mali nyingi na bei zao hazina huruma. Lakini aliyekata tiketi ameyakubali masharti, na masharti yale hayahusu fedha peke yake. Chombo kilichobeba watu elfu tatu au zaidi, usiku, mbali na hospitali yoyote, kinahitaji watumishi wa baa wanaoweza kumwona aliyelewa na kumkatalia bilauri nyingine. Pombe kali inayonywewa kwa siri chumbani haina jicho la kuitazama, na sitaha ya juu yenye unyevu, ngazi nyembamba na ukingo wa roshani ni mahali pabaya pa mtu asiyejiweza. Mvinyo mmoja wa mezani unaogawanywa na watu wawili hauleti hatari ya namna hiyo, ndiyo maana nao, kinyume cha pombe kali, umeachiwa mlango.

Sasa tuutumie mlango huo ipasavyo. Abiria aliyeingia na chupa yake kwa idhini ana njia mbili. Ya kwanza ni kuinywea chumbani, na hapo asihangaike kubeba kizibuo chenye kisu, ambacho huweza kuzuiliwa na walinzi, kwa maana mhudumu wa chumba akiombwa kwa adabu huleta kizibuo na bilauri mbili; au achague tangu dukani chupa yenye kifuniko cha kusokota. Ya pili ni kuipeleka katika ukumbi wa chakula. Mtumishi wa mvinyo huipokea, huitazama, huionyesha meza nzima kana kwamba imetoka katika ghala la chombo, huikata karatasi ya shingoni kwa mzunguko mmoja, hukizibua kizibo polepole kisitoe mlio, kisha hummiminia mwenyewe kidogo aonje. Kazi hiyo ndiyo hutozwa ada, ambayo katika Carnival na Royal Caribbean ni dola 15, na kwingineko hufika 20 au zaidi. Na kama chupa haikumalizika, usiitupe wala usiikokote mpaka chumbani: mtumishi huifunga, huandika namba ya chumba chako juu ya kikaratasi, huiweka mahali pake, na kesho yake wakati wa chakula cha jioni huirejesha mezani pasipo kutoza mara ya pili.

Je, kuna faida? Tuseme mtu amenunua mvinyo wa dola 10, akalipa ada ya 15: umemgharimu 25. Tuseme tena chupa iliyo sawa na hiyo huuzwa melini kwa dola 36. Pamoja na utumishi wa asilimia 18 inakuwa dola 42 na senti kadhaa. Ameokoa kama dola 17, nazo ni fedha za kutosha nauli ya teksi bandarini. Lakini aliyenunua mvinyo wa dola 40, wa namna ambayo chombo hakina kabisa au huuuza kwa 100, amefaidi zaidi, kwa kuwa ada ni ile ile kwa mvinyo duni na mvinyo bora. Kwa rai yangu hapa ndipo ilipo akili ya jambo lote. Maadamu umepewa nafasi ya chupa moja, usiijaze kwa kitu kinachopatikana melini kwa wingi; chukua mvinyo wenye maana kwako, wa siku yenu ya ndoa, au wa kijiji mlichopata kukaa. Mtanzania aishiye ng'ambo aliyerudi kutoka likizo na chupa ya mvinyo wa Dodoma, mahali ambapo zabibu hustawi katika ukame wa katikati ya nchi, anaweza kuiweka juu ya meza moja na wageni wa mataifa mengine, na hakuna orodha ya mvinyo ya meli ya Miami itakayompa fursa hiyo kwa bei yoyote.

Kuna mvinyo, hata hivyo, usiofaa kusafirishwa hivi. Mvinyo mwekundu wa miaka mingi huweka mashapo chini ya chupa, nayo yakitikiswa na ndege, gari na kisha mawimbi huchanganyika na kuuharibu uangavu na ladha yake; huo uachwe nyumbani ulale. Uliokomaa kiasi, na mweupe wa mwaka jana, hautadhurika. Joto nalo ni adui wa mvinyo mwingi, kasoro ule wa kisiwa cha Madeira, ambao Wareno waliigundua tabia yake kwa bahati: mapipa yaliyovuka nchi za joto ndani ya matumbo ya merikebu yalirudi na mvinyo mtamu kuliko ulioachwa kisiwani, hata wafanyabiashara wakaanza kuyasafirisha mapipa kwenda na kurudi kwa makusudi hayo tu, kabla ya kubuni njia ya kuupasha moto mvinyo palepale kisiwani. Mwenye chupa ya Madeira hana la kuogopa kwa safari ya wiki moja ya Karibi.

Anayefika bandarini kwa ndege akumbuke pia kwamba sheria ya viwanja vingi vya ndege hairuhusu kimiminika kinachozidi mililita 100 katika mkoba wa mkononi, wakati ambapo sheria ya meli hutaka chupa iwe katika mkoba wa mkononi. Kwa hiyo chupa huenda angani ndani ya sanduku kubwa, imevikwa nguo nzito pande zote na kuwekwa katikati, mbali na kingo. Kisha hotelini, usiku kabla ya kupanda meli, hutolewa sandukuni na kuhamishwa. Wengi hukwepa taabu hiyo kwa kununua katika mji wa bandari.

Nirudi kwa wasiokunywa, kama nilivyoahidi. Makampuni kadhaa huuza kifurushi cha vinywaji kwa bei moja ya kila siku. Kile cha Carnival kina mpaka wa vileo 15 kwa siku, mpaka ambao mtu mwenye afya njema asiombe kuufikia. Sharti linaloumiza ni hili: katika makampuni hayo, mtu mzima mmoja akikinunua, watu wazima wote wa chumba kile hulazimika kukinunua, ili mmoja asiwanyweshe wenziwe kwa siri. Mume anayekunywa na mke asiyekunywa hujikuta wakilipia siku saba za vileo ambavyo nusu yake haitaguswa. Udhuru wa maradhi au wa dini huweza kusikilizwa, lakini lazima uelezwe mapema, kabla ya fedha kulipwa, wala si mlangoni. Kwa nyumba ya namna hiyo, chupa moja iliyochukuliwa kutoka dukani na ada yake ya dola 15 huwa ni nafuu kubwa kuliko kifurushi chochote, nami siku zote ningeishauri njia hiyo.

Kadhalika ifahamike kwamba chupa ya kupandia na chupa ya kununua njiani si mamoja. Katika vyombo vya mitoni Ulaya, abiria hushuka Rüdesheim katika mto Rhine, au Pinhão katika mto Douro, wakaonja mvinyo wa mkulima penye mizabibu yenyewe, wakarudi na chupa mbili tatu na jioni ile ile wakaziweka mezani. Wa Karibi hawana uhuru huo, isipokuwa katika makampuni machache kama Disney niliyokwisha kuitaja. Chupa iliyonunuliwa Cozumel au Nassau huchukuliwa mlangoni, abiria hupewa stakabadhi, na chupa hurejeshwa chumbani usiku wa mwisho au asubuhi ya kushuka. Na zile zinazouzwa katika duka la meli yenyewe hutunzwa vivyo hivyo. Kwa hiyo stakabadhi iwekwe pamoja na pasipoti, kwa maana chupa isiyo na karatasi ni vigumu kuidai katika saa zile za msongamano.

Baada ya hapo hubaki forodha. Serikali ya Marekani humsamehe ushuru mtu wa miaka 21 aliyetimiza masharti kwa lita moja ya kileo kwa kawaida, na kwa atokaye katika baadhi ya visiwa huongeza. Lakini majimbo yana sheria zao pia, na miongoni mwa yaliyo makali ni Texas: katika bandari ya Galveston maofisa wa tume ya vileo ya jimbo huwa na meza yao ndani ya jengo la abiria, na kila anayeshuka na chupa hulipa kodi ya jimbo pale pale, pamoja na ada ndogo ya kazi, hata kama serikali kuu imekwisha kumsamehe ushuru. Asiyetaka kulipa huiacha chupa. Anayenunua ramu ya bei nafuu Cozumel akiwa na tiketi ya kurudia Galveston basi na aijumlishe kodi hiyo katika bei tangu yuko dukani, na achukue fedha taslimu kidogo za kuilipia, kwa sababu foleni ya meza ile hutangulia lango la kutokea.